Bashauri ba impo hapa Lubumbashi: nyuma ya mwaka muzima nabo

Niko na alimantasio (duka ya chakula) mu Katuba, na ndani ya parsele iko nyumba mbili napangisha, kwa hiyo impo, ni kusema kodi ya Leta (serikali), kwangu haikukuwaka moja, na kila muntu mwenye kuingia mu duka na karatasi alikuwa analomba yake, mwingine anasema tu ametumwa na Leta bila kusema Leta ya wapi. Njo nikaingia na kibiro kimoja cha bashauri ba fiskalite, kiko Kampemba, ni dola 20 kwa mwezi, unatuma picha ya fakture na kaye ya mauzo ku WhatsApp, bao banakutengenezea deklarasio, ile karatasi ya kutangaza mauzo na impo yako.

Kintu cha kwanza balifanya, na kwangu njo kinalipa ile dola yote, balinigawia impo biro kwa biro. Faida ya duka na kodi ya mushahara wa mufanyakazi ni ya DGI, biro ya impo ya inchi muzima. Nyumba ya kupangisha, ardhi, na vinyeti (impo ya gari ya kila mwaka) ni ya probense, pa DRHKAT, biro ya impo ya Haut-Katanga. Bintu byenye kupita Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia, ni ya duane (forodha), DGDA. Basi leo muntu akiingia najua kumuuliza anatoka wapi na analomba gani.

Halafu hesabu. Mi nilikuwa naogopa ile 30 kwa 100 ya faida bantu banayosemaka ku soko, kumbe ile ni ya makampuni ya katikati na makubwa. Kwa mauzo ya 2023 bao balifuata sheria ya 2013 ya entreprize ndogo: ukiuzisha chini ya milioni 10 za franka kwa mwaka unalipa 50.000 FC basi, ukiwa kati ya 10 na 80 unalipa 1 kwa 100 ya mauzo kama ni bintu, 2 kwa 100 kama ni servisi. Fanya mufano wa milioni 30: ni 300.000 FC, kwisha. Lakini angalia vizuri, ni ya mauzo, si ya faida, hata ukipoteza mwaka huo utalipa, na mushauri alinieleza hiyo mbele nisishangae, nilipenda sana.

TVA, kodi inayotiwa ku bei ya bintu, ilinichoma roho. Ile 16 kwa 100 inayolipwa ku duane, sisi tuko chini ya milioni 80 hatuwezi kuikata ku impo yetu, na pia hatuna ruhusa ya kuitia ku fakture. "Mama, uiweke ndani ya bei ya kununua, usiitafute tena," njo aliniambia, na tangu pale bei ya mafuta na sukari naipiga tofauti.

Kwa kijana wa duka: mwaka ule IPR, ile kodi ya mushahara, ilikuwa inaenda mbele ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata, na CNSS, kasha ya pansio, ilikuwa 5 kwa 100 ku mushahara wake na 13 juu yangu. Hiyo banafanya vizuri, hawajachelewa.

Siku moja papa mumoja alikuja na kalamu na kitabu cha risiti, analomba makuta mkononi. Nikapigia mushauri, akamuomba ordre de mission, karatasi ya biro yenye kumutuma, pale pale ku telefone, akamwambia impo inapita ku banki, mi nabakia na bordero, risiti ya banki. Yule papa alienda.

Bile haikunipendeza: mwanzo wa mwaka, wakati kila muntu anafanya deklarasio, unatuma ujumbe asubui unajibiwa kesho yake, na kwa dola 20 hiyo haifai. Tena karatasi zote ni Kifaransa tupu. Mi nasoma, lakini jirani yangu anauzisha mukaa, alitia sahihi ku kintu hakujua, na mushauri alikuwa amekaa mbele yake, angemusomea. Hiyo naisema kwa nguvu.

Napatia 7 juu ya 10. Mwenye kuuzisha ku meza tu, bila mufanyakazi wala nyumba, asipoteze dola kila mwezi, alipe mashauri mara moja kwa mwaka. Nimewaomba batengeneze karatasi moja ya Kiswahili yenye biro zote na tarehe, balisema beko banaitengeneza; nikiipata nitaweka picha yake.