PrePoMax na CalculiX: uzoefu wangu karakana

Wakuu, mi niko Arusha, Unga Limited, karakana ya kugeuza Land Cruiser kuwa gari za watalii, tunanyanyua paa, tunarefusha, na nyuma tunachomelea kibeba spea. Hicho kibeba spea ndo kilinileta huku, kimoja kilikatikia porini palepale kwenye weldi, mteja akarudi amenuna balaa, bosi akasema ongezeni unene tu yaishe, mi nikasema ngoja tupige hesabu kwanza.

Programu za kompyuta za kupiga hesabu kama chuma kitahimili mzigo zipo, ila za kulipia hela yake siiwezi, ya kukraki niliwahi kuweka ikajaza virusi mpaka flashi za ofisi. So nikashusha PrePoMax, bure, ni zipu tu unafungua unaanza kazi, ila ni ya Windows. Hiyo ni ya kutengeneza meshi (kugawa umbo vipande vidogovidogo, kila kipande kinaitwa elementi) na kuangalia majibu, injini inayopiga hesabu ni CalculiX, iliyoandikwa na mainjinia wa MTU ya Ujerumani, watu wa injini za ndege.

Nikaanza na kitu ninachokijua jibu. Skwea paipu 40x40 ya mm 3, urefu mm 300, upande mmoja umeshikwa, mwingine una spea ya kilo 45 nikaizidisha mara 3 sababu ya mashimo ya barabarani, inakuja kama nyutoni 1,324. Kwa kalamu mkazo (nguvu kwa kila milimita ya mraba ya chuma) ni MPa 78, kupinda mm 0.56. Programu ikanipa karibu nusu! Kumbe nilichagua elementi za daraja la kwanza (zile rahisi, kingo zake haziwezi kupinda) ili laptopu yangu ya ramu GB 8 isife, na zile za umbo la piramidi ya pembe nne (tetrahedra) za daraja la kwanza zinakuwa ngumu kupita kiasi kwenye kupinda. Nikaweka daraja la pili, majibu yakakaa palepale na kalamu.

Kingine, CalculiX yenyewe haijui milimita wala mita, we ndo ujue. Siku moja nimeedit faili la inp (lile CalculiX inalolisoma) kwa mkono, nikaandika densiti 7850 (ya kilo na mita) badala ya 7.85e-9 (ya tani na milimita), paipu ya sentimita 30 ikashuka kwa uzito wake kama kilomita 1,600, yani Arusha Dar kwenda na kurudi na chenji inabaki 😂 na haikulalamika hata kidogo.

Pa kuumiza kichwa ni kona ya weldi. Kila nikisaga meshi iwe ndogo mkazo unapanda, hauishi, nilipoteza wiki nzima (na umeme unakatika hesabu ikiwa katikati). Kona kali kabisa ndo zilivyo, namba ya pale haina maana, ichore na mviringo kidogo au soma mkazo pembeni yake.

Mwisho tukachomelea kipande cha bati cha pembetatu, unene mm 4, chini ya mkono wa kibeba spea, unene wa paipu haukuguswa. Nikamwonyesha mzee wetu wa weldi lile doa jekundu kwenye skrini, pale mkazo ulipo mkubwa, akaangalia weee, akasema si ndo hapohapo nilikwambia toka juzi.