Ripoti ya ofisi za majiji mawili: anza kuisoma kutoka nyuma

Kazi yangu ni kuzitafutia kampuni ofisi, na mteja wangu mmoja alibakiwa na majiji mawili yanayogombea wapangaji walewale. Nikalipia ripoti ya robo mwaka ya kampuni moja ya udalali inayoyalinganisha. Nimeitumia mpaka kurasa zimelegea. Naipa nyota tatu kati ya tano.

Kwanza niwape haki yao. Wamechora ramani ya mpaka wa eneo wanaloliita katikati ya jiji, mtaa kwa mtaa. Ukikosa mpaka huo hesabu zote zinaharibika, kwa sababu jiji moja linaweza kuhesabiwa pamoja na minara mipya ya pembezoni na jingine likabaki na majengo yake makongwe tu.

Shida ni nafasi tupu. Ukurasa wa mbele unasema jiji la kwanza limejaa kuliko mwenzake. Nikaenda kujionea. Kwenye jengo walilolihesabu kuwa limejaa, dalali alinifungulia ghorofa ya 9: viti vimefunikwa nailoni, nyaya zinaning'inia mezani, kalenda ukutani imekomea mwezi wa tatu. Mpangaji bado analipa pango, ila watu wake wameshahama na anatafuta wa kumpangisha nafasi hiyo. Kwa ripoti, ghorofa ile ina mtu! Nafasi za namna hiyo wamezitupa kwenye kiambatisho cha mwisho, kwa herufi ndogo, na nilipozijumlisha na zile tupu, jiji la kwanza likawa nyuma. Wala si jambo la nadra. Shirika la dawa la Umoja wa Ulaya lilipohama London kwenda Amsterdam mwaka 2019, mkataba wake wa ofisi za Canary Wharf, mtaa wa maofisi jijini London, ulikuwa unafika 2039. Mahakama ikaamua mkataba ungali hai, ikabidi litafute wa kumpangisha.

Pango nalo ni lile linaloombwa, si lile linalolipwa. Mkataba wa miaka 10 wenye miezi 12 ya bure umeshapunguza pango kwa sehemu moja ya kumi, na bei kwenye jedwali haijasogea hata kidogo.

Sura ya ukuaji wa kampuni ndiyo iliyoniudhi. Wanahesabu makao makuu yaliyohamia kila jiji kama mtu anayehesabu magoli. Mwaka 2001 Boeing, kampuni ya Marekani inayounda ndege, ilipotaka kuyahamisha makao yake makuu kutoka Seattle, majiji ya Chicago, Dallas na Denver yaliyagombea, Chicago ikashinda. Kazi zilizotarajiwa kwenye makao mapya zilikuwa kama 500. Viwanda vilibaki kandokando ya Seattle. Mwaka 2022 ikatangaza kuyahamishia Arlington, Virginia. Mteja wangu hana haja ya kujua nani kashinda. Anataka kujua, akiweka watu 60 pale, kama mwaka wa tano ataweza kuongeza wahasibu na mafundi wa mifumo bila kuwanyang'anya majirani. Kwa hilo ripoti ina aya moja.

Niliwaandikia kuomba orodha ya mikataba inayoisha ndani ya miaka 2. Kesho yake asubuhi ilikuwa imefika, jengo kwa jengo, bila malipo ya ziada, na ndiyo iliyotuamulia. Wakiiweka ndani ya toleo lijalo, na nafasi zinazopangishwa tena zikapanda ukurasa wa mbele, nitalipia tena.