Hadithi za Kiswahili za kumnunulia mtoto: ipi ianze, ipi isubiri

Likizo ikikaribia, wazazi wengi huingia duka la vitabu na kwenda moja kwa moja kwenye rafu ya kiada na ya maswali na majibu. Vitabu hivyo mtoto atavikuta shuleni. Hapa nazungumzia hadithi, kitabu anachokifungua mwenyewe bila kufokewa.

Kwanza kipimo. Usiamini darasa lililoandikwa kwenye jalada. Mpe mtoto asome ukurasa mmoja wa katikati palepale dukani, akunje kidole kwa kila neno linalomshinda. Vidole vya mkono mmoja vikiisha kabla ya ukurasa, kirudishe rafuni. Labda mwakani.

1. Hekaya za Abunuwasi (miaka 8 hadi 12)

Ningekuwa na hela ya kitabu kimoja tu, ningechukua hiki. Visa ni vifupi, na mtoto anamaliza kimoja kabla hajachoka. Chukua kile cha sufuria: Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kisufuria ndani yake, eti imezaa. Jirani anapokea vyote kwa furaha. Safari nyingine sufuria hairudi, imekufa, anaambiwa. Akibisha, anaulizwa mbona ya kuzaa aliikubali? Mtoto wa darasa la tatu atacheka, kisha atakisimulia kisa hicho kwa kila mgeni anayebisha hodi, uwe tayari. Kwa mtoto anayekimbia maandishi marefu kuna Abunuwasi wa katuni, aliyechorwa na mchora katuni Gado na kutolewa na wachapishaji Sasa Sema mwaka 1996. Ukikutana naye kwenye vitabu vya mitumba, usimwache.

2. Adili na Nduguze, Shaaban Robert (miaka 11 hadi 14)

Kiswahili chake ni kitamu ila kina uzito, kwa hiyo mtoto asiachiwe peke yake mwanzoni. Msomee kwa sauti mpaka mfike kwa wale manyani wawili ambao Adili huwachapa kila usiku huku akiwalilia. Akishajua manyani hao ni ndugu wa damu, Hasidi na Mwivu, atakunyang'anya kitabu amalizie mwenyewe. Hakizidi unene wa daftari la shule, jambo linalowatuliza wasomaji waoga.

3. Siku Njema, Ken Walibora (miaka 14 na kuendelea)

Kongowea Mswahili anafiwa na mama yake, mwimbaji wa taarabu wa Tanga, kisha anavuka mpaka kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Ni riwaya ya safari, na kijana anayesema vitabu vinachosha aanze nayo. Imewahi kutahiniwa katika shule za sekondari Kenya, kwa hiyo madukani utakuta pia miongozo yake, yenye dhamira na wahusika vimeshatafunwa. Usinunue mwongozo badala ya riwaya. Huko ni kulipia maganda.

4. Watoto wa Mama N'tilie, Emmanuel Mbogo (miaka 14 na kuendelea)

Ni fupi na inauma: watoto wa Dar es Salaam wanaokosa shule kwa sababu ya ada na sare. Nimeiweka ya nne kwa kuwa kijana wa Tanzania huenda akaipata darasani. Uliza kwanza.

5. Rosa Mistika, Euphrase Kezilahabi (miaka 16 na kuendelea)

Ilipotoka mwaka 1971 ilizuiwa mashuleni, baadaye ikafundishwa. Baba mkali kupita kiasi, binti asiyeandaliwa kwa maisha ya nje ya nyumbani, na yanayofuata. Mzazi aisome kwanza, maana maswali yatakuja, tena mezani mbele ya watu.

Walio chini ya miaka 7 sijawasahau, ila kwao sitoi hela nyingi. African Storybook inatoa hadithi za picha za Kiswahili bure mtandaoni; pakua, chapisha, mwache azichane. Ukinunua, tafuta sentensi moja au mbili kwa ukurasa na herufi kubwa.

Kabla ya kulipa, hasa kwa wauzaji wa barabarani, fungua kitabu katikati kabisa. Gundi ikilia, kurasa zitaanza kung'oka mapema. Herufi zilizofifia na picha ya jalada yenye ukungu ni dalili ya nakala ya wizi. Hesabu namba za kurasa pia, kwa sababu nakala hizo hupenda kuruka, na kurasa zinazokosekana mara nyingi ni za mwisho.