Wikiendi Mji Mkongwe Zanzibar: ulale mtaa gani? Nimeipanga kuanzia ninaoupenda zaidi

Watu wengi wakipanga kwenda Zanzibar siku mbili tatu wanaanza na picha za chumba, kitanda cha nguzo nne na chandarua cheupe, halafu ndo wanauliza iko wapi. Mimi nasema anza na mtaa jamani. Mji Mkongwe ni mdogo, kutoka bandarini Malindi mpaka Vuga kwa mguu ni kama dakika 20 tu, lakini usiku wa mtaa huu sio usiku wa mtaa ule, na kubwa kuliko yote ni gari inaishia wapi, maana humo ndani ni vichochoro vitupu, zinapita baiskeli, pikipiki na mikokoteni basi.

Nilijifunza hili nilipompeleka mama. Magoti yanamsumbua, na mimi nikachukua chumba cha juu kabisa kwa ajili ya upepo na kuona bahari. Tangazo lilisema dakika 2 kutoka barabarani. Teksi ikatushusha, tukatembea na mabegi karibu dakika 10, kufika kuna ngazi za mbao za zamani, nyembamba na zimesimama kweli kweli, mama alifika ghorofa ya pili akakaa kwenye ngazi akasema yeye hapandi tena. Iliniuma sana, kwa hiyo huu mpangilio nimeuandika nikimfikiria yeye pia.

Namba 1, Kiponda na Hurumzi

Kama miguu yako iko sawa lala huku. Uko katikati, bandari upande mmoja, soko la Darajani upande mwingine, na Forodhani, ile bustani ya ufukweni wanapochoma vyakula usiku, unafika kwa mguu bila hata kuchoka. Nyumba nyingi ni za wafanyabiashara wa zamani, kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, kwa hiyo hata joto la kaskazi likikolea mwezi wa pili ndani kunakuwa na nafuu. Milango ya nakshi unaiona ukitoka kununua maandazi, sio mpaka ulipe mtu akutembeze. Na watu wanaishi huku, ndo ninachokipenda zaidi, asubuhi unakuta wazee wamekaa barazani na kahawa, ukiwaamkia shikamoo vizuri kesho yake wanakufahamu.

Shida ni kupotea. Ramani ya simu humo inababaisha kwa sababu ya kuta ndefu, unaambiwa umefika kumbe uko kichochoro cha nyuma. Shika jina la msikiti ulio karibu na unapolala, hilo ndo anwani ya kweli, ukiulizia msikiti hata mtoto atakupeleka. Mara ya kwanza mwambie mwenye nyumba akufuate barabarani, wengi wanakubali bila hela ya ziada. Na chumba cha chini usikubali kabla hujaona picha ya dirisha, vingi vinaangalia ua wa ndani, ni giza na unyevu, masika nguo hazikauki.

Namba 2, Shangani

Wengi wangeiweka ya kwanza na siwalaumu. Bahari iko hapo hapo, Forodhani na Ngome Kongwe ni hatua chache, jioni unatazama vijana wanavyoruka baharini kutoka ukutani jua likizama, na gari inafika karibu na hoteli nyingi kupitia Barabara ya Kenyatta. Kwa hiyo kama una mzazi, mjamzito au watoto wadogo na mabegi matatu, kwako hii ndo namba moja, na siku hizi nikienda na mama nalala huku, chumba cha chini chenye dirisha la nje.

Bei lakini imechangamka. Hapa ndo penye hoteli kubwa, maduka ya vinyago na baa, upande wa baa muziki unaenda mpaka usiku mwingi kwa hiyo uliza dirisha linaangalia wapi. Mwezi wa pili kwenye tamasha la muziki la Sauti za Busara, ambalo miaka mingi limefanyika Ngome Kongwe, vyumba vinajaa mapema sana, usije bila kubuki. Pia ukila Forodhani kila usiku kisa iko karibu hela itakwisha, ulizia bei kabla hujagusa mshikaki, na chagua pweza anayechomwa mbele yako, sio yule aliyepangwa mezani tangu magharibi.

Namba 3, Malindi

Hii ni ya mtu wa boti. Unashuka kutoka Dar baada ya saa mbili hivi baharini, unavuka barabara, umefika. Kama unaondoka na boti ya saa moja asubuhi hakuna mtaa unaoishinda, na gesti za bei ya kawaida zipo. Ila ni bandari, kuna malori, kuna kelele za wapagazi na soko la samaki lina harufu yake alfajiri, mimi naipenda, mke wangu hapana. Ukifika watakuzunguka watu wa kukubebea begi na kukupeleka hoteli, wajibu kwa adabu kuwa umeshapata, uendelee na safari.

Namba 4, Mkunazini na Sokomuhogo

Kwa kula ni huku. Mgahawa wa Lukmaan uko Mkunazini karibu na mbuyu, Darajani iko nje tu kwa viungo na matunda, na kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa 1873 utalikuta mtaani hapo, nenda asubuhi kabla ya makundi, na utenge muda, ukitoka mle kwenye vyumba vya chini, wanavyosema watumwa walifungiwa humo, huwezi kwenda moja kwa moja kununua kitenge. Sokomuhogo ina kijiwe cha Jaws Corner, kahawa, bao na siasa, siku za mpira mkubwa usitegemee kulala mapema. Vyumba vya bei nafuu vipo lakini vingine ni vidogo na hewa hamna, AC au feni inayofanya kazi ni lazima.

Namba 5, Vuga

Barabara pana, miti, gari inafika mlangoni, usiku kimya. Kama umekuja kwa shughuli mahakamani au hospitali ya Mnazi Mmoja ni sawa kabisa. Kwa mapumziko naona unakaa pembeni ya mji badala ya ndani yake.

Hela ikiwa ndogo kabisa vuka barabara uende Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, upande wa Michenzani kwenye yale majumba marefu, gesti ni rahisi zaidi na Darajani unatembea kwa mguu.

Adhana ya alfajiri utaisikia mitaa yote kwa hiyo hilo lisikuchagulie mtaa. Ramadhani mchana migahawa mingi inafungwa na hairuhusiwi kula hadharani, ila usiku mji unachangamka kuliko mwezi mwingine wowote. Mtanzania beba kitambulisho, kwenye boti utaulizwa, na ulizia bei ya mkazi kwa WhatsApp kabla ya kulipa mtandaoni, hoteli nyingi wanayo ila kwenye mitandao ya kubuki huioni. Kwenye meseji hiyo hiyo ongeza maswali manne: gari inaishia wapi, chumba ni ghorofa ya ngapi, umeme ukikatika kuna jenereta, na dirisha linafungukia nje au ndani. La ngazi mwambie akutumie video, sio picha.