Eduroam Mbeya: daftari la nywila kaunta!

Nyota moja, na hiyo moja naitoa kwa shingo upande. Eduroam ni Wi-Fi ya vyuo: mgeni anaingia chuo chochote kilichomo kwa akaunti ya chuo chake. Chuo chenyewe nilichotembelea sikitaji, wa Mbeya mtakijua.

Juzijuzi simu imezunguka kama nusu dakika ikijaribu kuingia, ikakata. Rudia, ikakata. Kaunta ya TEHAMA wakanijibu: "Kaka, andika jina na nywila kwenye hili daftari tukuingizie." Daftari! Na nywila za wageni waliotangulia zinasomeka zote.

Jamani, eduroam imetengenezwa ili chuo mwenyeji kisiione nywila ya mgeni hata kidogo. Kilicho baada ya @ kwenye jina la kuingilia ndicho kinachoiambia seva ya pale ipeleke ombi wapi: kwanza seva ya taifa, kisha chuo cha mgeni. Nywila inasafiri imefumbwa, inafumbuliwa kwenye chuo cha mgeni tu. Mwenyeji anarudishiwa "ndiyo" au "hapana", basi.

Kijana wa kaunta akaongeza: "Chagua usithibitishe cheti." Cheti ndicho kitambulisho kinachoihakikishia simu kuwa inaongea na seva ya chuo chako kweli. Bila hicho, mtu akikaa Kabwe hapo Mbeya na ruta kwenye begi, akaipa jina eduroam, simu yako ijipeleke yenyewe!

Halafu eti simu yangu mbovu, maana "kwa wanafunzi wetu inashika." Simu hiyohiyo, akaunti hiyohiyo, Iringa ilishika ikiwa mfukoni. Bila shaka kwao inashika: ombi la mwanafunzi wao linaishia kwenye seva ya palepale. La mgeni lazima litoke nje, kwa kawaida kupitia mlango wa mtandao uitwao UDP 1812. Nywila ikiwa mbaya, kwa kawaida unakataliwa upesi. Ikizunguka mpaka ikate, pakiti zinapotea njiani: ama faiawoli (kinga ya mtandao wao) imeziba mlango huo, ama neno la siri ambalo seva yao na ya taifa hutambuana kwalo (si nywila yako) halifanani, na hapo seva hutupa ombi kimyakimya. Wajaribu kwa akaunti ya chuo kingine, wataona.

Mnaosafiri, sanidini simu kabla ya kuondoka, kwa programu ya geteduroam kama chuo chenu kimo. Cheti kinajipanga chenyewe. Jina liandikwe lote mpaka .ac.tz, hata kama kwenu linakubali nusu. Kosa hilo ni letu wageni, nakiri.

Nilitaka kusema nunueni bando, achaneni nayo. Hapana. Eduroam yenyewe naipa tano, kaunta ile sifuri. Na mlioandika kwenye daftari lile, badilisheni nywila leo hii.