Zotero kwa orodha ya marejeleo: inafaa, ila kagua kinachoingia

Kwa anayeandika tasnifu kwa mtindo wa APA (kanuni za kunukuu na kuorodhesha vyanzo), iwe Chuo Kikuu cha Maseno au Egerton, Zotero, programu ya kompyuta ya kuhifadhi na kupanga marejeleo, ni afadhali kuliko kumlipa mtu wa saiba akupangie marejeleo. Ni ya bure, inaingia ndani ya Word na LibreOffice, na bando likiisha bado unaendelea kunukuu vyanzo ulivyokwisha kuhifadhi. Kwa simu pekee hutafika mbali, kwa kuwa kitufe chake hakipo kwenye Word ya simu.

Mtindo wenyewe inaujua vizuri. Taabu iko kwenye taarifa zinazoingia. Ukivuta makala kutoka Google Scholar, DOI, yaani namba ya kudumu inayotambulisha makala, kwa kawaida haiji. Fungua ukurasa wa jarida lenyewe ndipo ubonyeze Zotero Connector, kitufe cha Zotero kwenye kivinjari, au nakili DOI uibandike kwenye kisanduku kinachofunguka ukibonyeza alama ya fimbo ya uchawi. Vitabu huingia hapo hapo kwa ISBN, namba ya utambulisho ya kitabu.

Majina ya mashirika ndiyo yanayoaibisha watu mbele ya msimamizi. Ripoti ya Benki ya Dunia ikihifadhiwa kwa visanduku viwili vya jina, orodha inatoa “Bank, W.”, nayo Kenya National Bureau of Statistics unaikuta chini ya S. Kando ya jina kuna kitufe kidogo cha kugeuza visanduku viwili kuwa kimoja. Kibonyeze, andika jina zima, kisha onyesha orodha upya.

La pili ni herufi kubwa. APA inataka kichwa cha makala kiwe na herufi kubwa kwenye neno la kwanza, neno linalofuata nukta pacha na majina maalumu tu. Zotero haikufanyii hilo. Bofya kichwa kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua “Transform Text” kisha “Sentence case”, halafu usome tena: Kisumu na Nyanza zinaweza kubaki na herufi ndogo.

Nafasi ya bure mtandaoni ni MB 300, na PDF huimaliza upesi. Zima usawazishaji wa mafaili, uache ule wa taarifa, ambao hauna kikomo. PDF weka kwenye flashi.

Kabla ya kuwasilisha, hifadhi nakala ya pili na ubonyeze “Unlink Citations” kwenye nakala hiyo tu. Amri hiyo hukata uhusiano kati ya nukuu zako na Zotero, kwa hiyo ukiibonyeza kwenye faili la kazi, marekebisho ya msimamizi utayaandika kwa mkono.