Nyumba ya kontemporari Dar: ipi ukiinunua leo itauzika kesho?

Dalali wa Dar siku hizi hana haja ya maneno mengi. Anakurushia picha WhatsApp: kuta nyeupe na kijivu, kona zimenyooka, bati halionekani, taa zimefichwa kwenye dari la jipsamu. "Bosi, hii kontemporari, wahi kabla haijaondoka." Goba, Madale, Mbweni, Kibada, kote zimejaa, na kusema kweli zinapendeza. Lakini sura inamvuta mteja siku ya kwanza tu. Bei utakayopewa wewe siku ukiamua kuuza itategemea zaidi kiwanja kina karatasi gani, na maji ya mvua yanashukaje kutoka juu. Kwa vigezo hivyo viwili nazipanga hivi.

1. Vyumba vitatu, isiyo ya ghorofa, kwenye kiwanja kilichopimwa

Hii ndiyo ningenunua, hata kama ni ghali kuliko ya jirani isiyo na hati. Maeneo ya mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002, kama Mbweni, Bunju, Kibada na Tuangoma, yaliachiwa barabara na kuwekewa mawe ya mpaka, kwa hiyo mnunuzi hana cha kubishana na jirani. Isitoshe, atakayenunua kwako huenda akategemea mkopo wa nyumba, na benki itamuuliza hati kabla ya kuuliza rangi ya ukuta. Angalia pia hati imetolewa kwa miaka mingapi (33, 66 au 99) na imebaki mingapi. Vyumba vitatu, kimoja masta, vinamfaa mwenye familia na vinampata mpangaji pia.

Sasa paa, maana hapa ndipo pesa za watu zinapozama. Paa la zamani la mgongo lilitoka nje ya ukuta, likatupa maji mbali na kukipa kivuli kidirisha. Bati la kuficha, lile la kontemporari, linayapeleka maji kwenye gata, yaani mfereji wa maji, lililo nyuma ya ukuta wa juu. Gata likizibwa na majani ya mwembe wakati wa masika, maji hayana pa kwenda ila ndani. Panda ngazi mwenyewe, usiridhike na picha. Gata lina mabomba mangapi ya kushushia maji? Kama ni moja kwa nyumba nzima, hesabu gharama ya kuongeza. Kuna tundu la dharura ukutani la kutolea maji yakizidi? Kisha shuka, uangalie pembe za dari chumba kwa chumba. Duara la rangi ya chai linajieleza. Pembe moja iliyopakwa rangi mpya wakati dari zima limechakaa inatia shaka zaidi. Karibu na bahari uliza bati ni la aina gani, kwani chumvi inalila polepole na huku chini hakuna anayeona.

2. Boma kwenye kiwanja kilichopimwa

Boma ni nyumba ambayo haijamaliziwa, na isiyopigwa plasta haina pa kuficha uongo. Unaona tofali, nguzo, linta (boriti ya juu ya mlango na dirisha), na fundi wako anaweza kurekebisha mteremko wa paa kabla ya dari kufungwa. Ubaya wake ni kwamba kumalizia kunakula pesa kuliko watu wanavyodhani: madirisha ya alumini, vigae, jipsamu, makabati ya jiko. Kama mfuko haujajaa, boma litakaa miaka.

3. Nyumba ya zamani iliyovalishwa sura mpya

Mikocheni au Mbezi Beach unaweza kuipata: wamepandisha ukuta kuficha bati la zamani, wakapaka kijivu. Mtaa ni mzuri na ardhi ndiyo thamani. Basi lipia ardhi, siyo rangi. Nenda na fundi, akague kama ukuta ulioongezwa umeanza kupasuka pale unapokutana na wa zamani.

4. Ghorofa la vioo mahali pasipopimwa

Hapa ningepita tu. Aliyelijenga alitumia pesa nyingi, kwa hiyo anataka bei kubwa, lakini mwenye uwezo wa kulipa bei hiyo anataka hati na njia ya gari. Unabaki na wateja wachache wenye fedha taslimu, nao wanajua huna pa kukimbilia. Vioo vikielekea magharibi, jua la alasiri linageuza sebule kuwa tanuri, na umeme wa kiyoyozi ni juu yako.

Yoyote utakayochagua, fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati kabla ya kutoa hata senti ya awali. Omba risiti za kodi ya pango la ardhi. Kama ni nyumba ya ndoa, ridhaa ya mwenzi iwe ya maandishi; bila hiyo mauzo yanaweza kupingwa mahakamani. Mkubaliane mapema nani analipa ushuru wa stempu na nani kodi ya ongezeko la mtaji (ile ya faida ya mauzo), na muandike kwa wakili. Ukipata nafasi, kaione nyumba mwezi wa nne, saa moja baada ya mvua.